Mfupa Umeungwa, Kiganja Je?

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mama mmoja mfinyanzi. Ameteleza kwenye shimo la udongo, na mfupa wa mkono, juu ya kiwiko, umevunjika vipande viwili. Hospitalini, daktari wa upasuaji, mwanamke wa maneno machache, anamwambia, "Mama, inua kiganja, kama unamsimamisha mtu njiani."

Kwa maumivu makali, akakiinua.

"Vizuri. Ukiamka nitakuomba hivyo tena."

"Dokta, sina kazi nyingine," mama akasema. "Hakuna chungu kinachofinyangwa kwa kiganja kinachoning'inia."

Akalazwa kwa dawa ya usingizi, mkono ukafunguliwa. Mfupa huo hapo, unaonekana! Daktari msaidizi alikuwa ameshashika chuma cha kuungia.

"Tuunge, dada. Vipande vyote naviona."

"Na mshipa wa fahamu unauona?"

"Bado. Lakini si tumekuja kuunga mfupa?"

"Weka chuma chini."

Jamani, yule daktari mkuu akaanza kuutafuta! Taratibu, akitenganisha nyama kidogo kidogo. Maana nyuma ya mfupa ule hupita mshipa mwembamba unaokipa kiganja nguvu ya kuinuka. Na mnajua aliukuta wapi? Umelala juu ya mfupa, pale pale chuma kilipotakiwa kukaa! Wangekaza skrubu, wangeubana humo. Akauzungushia mpira laini, akauinua bila kuuvuta, na chuma kikapitishwa chini yake.

Kesho yake ndugu wakajaa wodini. Wifi yake akainua picha ya eksirei dirishani. "Tazameni! Mfupa umenyooka kama mchi!" Vigelegele!

Mama akawatazama. "Mimi sikuomba mchi, wifi. Niliomba mkono."

Daktari naye hakuigusa ile picha. Alisimama miguuni pa kitanda. "Mama, nisimamishe."

Wote wakaugeukia mkono. Kidole kimoja kikatikisika. Kisha kiganja kikapanda, kikapanda, kikasimama wima mbele ya uso wa daktari! Hapo ndipo daktari alipocheka.

Sasa sisi je? Mfupa uliovunjika lazima uungwe, hilo sibishi. Mtu akikosea, aambiwe. Lakini yule binti wa kwaya yetu aliyekosea, tulimfanya nini? Tulimsimamisha mbele ya kanisa zima, tukamsema mpaka akatubu. Kosa likanyooka, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tukisema kazi imekwisha. Nani alimwita pembeni kwanza? Nani alimuuliza panapomuuma? Tuliuona mfupa, tukakaza skrubu.

Leo anakuja, ndiyo. Hatoroki, hajibizani na mtu, amenyooka. Picha yake ni nzuri kabisa! Lakini mnamwona anapokaa? Benchi la mwisho, mikono imelala mapajani. Wimbo ukianza na sisi sote tukainua mikono kumsifu Mungu, yake haiinuki.

Ndugu zangu, tumeunga mfupa, tumeua mkono.

Lakini mshipa uliobanwa mara nyingine huamka, ukifunguliwa mapema! Kwa hiyo leo ibada ikiisha tusikimbilie mlangoni. Twendeni benchi la mwisho. Tusiende na maneno mengi. Tukamshike mkono.