Nyumba Arobaini Mtoni

Hapo zamani, na sisemi zamani ya babu zenu, nasema ya juzi tu, kijiji cha Ikombelo kilihamia mtoni bila mtu kuinua hata kigoda. Msicheke, bado hamjasikia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hii nitaieleza mpaka mwenye digrii aombe nirudie.

Ofisi ya wilaya ilikuwa na programu iitwayo Kichujio. Kila ramani ya viwanja ilipita humo ikaguliwe kabla ya kuingia kwenye daftari kuu la ardhi. Kichujio kilikaa ndani ya kontena. La bandarini? Punguza ushamba! Hili ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, kama mpishi anayesafiri na jiko lake, sufuria yake na maji yake. Mshushe popote, anapika.

Basi, Kichujio kikakagua Ikombelo kikasema safi. Kumbe kwenye ramani hiyo nyumba arobaini zimekaa katikati ya mto! Na daftari lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Nyumba itakayokutwa mtoni haipati hati, na mwenyewe anahamishwa.

Bibi Tusekile, ambaye nyumba yake ilikuwa mojawapo, alisema, "Nimezaa watoto saba kwenye mto huo. Mbona hakuna hata mmoja mwenye magamba?"

Jumatatu, Atuganile, mpimaji wa ofisi hiyo, akavaa gambuti. Akaenda kwenye jiwe la mpaka la kwanza, akapima: ramani imelisogeza mita mia tatu kaskazini. La pili, mita mia tatu kaskazini. La tatu, hivyo hivyo. Mawe kumi na tisa, siku mbili, matope hadi magotini. Alipomaliza akampigia simu fundi aliyeandika Kichujio.

"Kosa ni langu," alisema. "Ramani ya Ikombelo ni ya zamani, na vipimo vya zamani havihesabiwi kuanzia vinapoanzia vipya. Fomu ya kuisindikiza niliinakili kutoka ya kijiji jirani, nikabadili jina, nikaacha palipoandikwa vipimo vipya."

Ofisi nzima ndivyo walivyofanya miaka yote: chukua fomu ya jana, badili jina, twende.

"Si usahihishe fomu tu, dada?" Aliyeuliza ni fundi mwenyewe, Ambilikile, anayeishi mji wa mlimani.

"Nimesahihisha. Kichujio chako hakisomi hapo! Kwake vipimo vyote ni vipya."

"Hiyo kazi ya wiki."

"Una siku mbili, kaka."

Ambilikile akaketi. Jaribio la kwanza, Kichujio kikakataa vijiji vyote, hata vilivyo sawa. Akafuta. La pili, kikakubali vyote, hata kijiji cha uongo alichokichora mwenyewe katikati ya ziwa. Akafuta. La tatu, cha uongo kikakataliwa, cha kweli kikapita. Ijumaa asubuhi akalifunga kontena jipya.

Sasa litafikaje wilayani? Gwantwa, mtunza mashine wa ofisi, alilivuta kwa mtandao. Likafika nusu, likakatika. Akalivuta tena, likakatika. Mara ya tatu hakuvuta kitu. Alipanda pikipiki.

Akapanda mlima, akachukua kontena kwenye flashi, akaitia ndani ya hotipoti isilowe, akateremka. Mvua ikampiga. Pikipiki ikazama kwenye tope, akaiinua. Ikazama tena, akaiinua tena. Saa tisa alasiri akaingia ofisini, maji yanamchuruzika.

Mkuu wake, Bwana Mwaisumo, akasimama mlangoni. "Ijumaa hatugusi mashine. Unajua sheria yetu. Ikiharibika leo, vijiji ishirini vinavyosubiri vinakosa hati."

"Nimekusikia, mzee. Shikamoo."

Akampita! Kontena la zamani akaliacha likisimama pembeni, tayari kurudishwa. Jipya akaliwasha. Ramani mbovu ya Ikombelo ikakataliwa kwa rangi nyekundu. Atuganile akaleta iliyosahihishwa: kijani. Nyumba arobaini zikatoka mtoni zikakaa pakavu. Saa kumi kasoro dakika sita.

Jumapili, wote watatu wakiwa wamealikwa Ikombelo, Bibi Tusekile akaja anakokota mtamba mwenye mimba. "Nimetumwa na nyumba arobaini," akasema. "Zawadi ni moja. Ni ya nani?"

"Yangu, bibi," Atuganile akasema. "Bila miguu yangu nani angejua kilichooza?"

"Wewe si ndiye uliyewazamisha?" Gwantwa akacheka. "Unachoma nyumba halafu unadai zawadi ya kuzima moto!"

"Ningenyamaza ungenijua?"

"Yangu mimi," Ambilikile akadakia. "Bila mimi mngelijua kosa mkalitazama tu kama ua la mezani."

"Kaka," Gwantwa akamkata, "mwaka jana nilikuandikia kwamba Kichujio hakisomi hapo. Ukanijibu kwa kidole gumba!"

Ambilikile akakohoa.

"Basi ni yangu," Gwantwa akasema. "Bila mimi kontena lenu lingekuwa bado linakula upepo mlimani."

"Lakini ulimkaidi mkubwa wako," Atuganile akamrudi. "Kingekwama, vijiji ishirini vingelia kwa kichwa chako kigumu. Ulibahatisha na mashamba ya watu!"

Bibi Tusekile akawatazama mmoja mmoja, kamba mkononi.

Msiniambie wagawane. Ng'ombe si chapati, na mwenye mimba hachinjwi. Msiniambie pia arudi naye, maana nyumba arobaini hazirudishi shukrani zizini. Mmoja aliharibu, akakiri, akatafuta. Mmoja alipuuza, akaja akatengeneza. Mmoja hakukosea popote, ila aliweka vijiji ishirini rehani bila kuviuliza.

Haya, mliosoma mpaka mkavaa miwani, nijibuni: Bibi Tusekile aiachie kamba mkononi mwa nani?