Wavushaji Wawili

Mama mmoja mfinyanzi, jina lake Tupokigwe, alikuwa na nyumba juu ya ukingo wa mto mpana usio na daraja. Watu wa upande wake walivuka kwa miguu kwenda sokoni na zahanati, wameshikana mikono kwa mstari, na mbele yao mvushaji mwenye fimbo ndefu. Wavushaji walikuwa wawili, ndugu wa baba mmoja: Nsajigwa, mkubwa, na Ambakisye, mdogo wake. Walipokezana zamu, na wote wawili walikuwa wameuzoea mto huo tangu utotoni.

Tupokigwe alikuwa mtu wa kudadisi. Asubuhi, akikanda udongo wake, aliona jambo asilolielewa. Siku ya zamu yake, Nsajigwa alifika kabla ya watu wote. Aliingia majini peke yake, akapapasa mchanga kwa fimbo hatua kwa hatua mpaka ng'ambo, kisha akarudi na kuwangoja watu huku nguo zikimchuruzika maji. Ambakisye hakufanya hivyo. Alifika pamoja na watu, akawachekesha, akawatangulia majini akiimba. Wengi waliipenda zaidi zamu yake.

Mama huyo alijiuliza siku nyingi. Huyu mkubwa ni mwoga, au ni mzito wa kushika mambo? Mwishowe akateremka kumwuliza.

"Kaka Nsajigwa, huu mwaka wa ishirini unavusha watu hapa. Bado tu hujaijua njia?"

"Ya jana naijua, dada," alijibu. "Mchanga unahama."

Usiku mmoja ikanyesha mvua kubwa huko milimani. Kwao halikudondoka hata tone, na maji yalionekana yaleyale. Zamu ilikuwa ya Ambakisye. Watu kumi na mmoja wakashikana mikono nyuma yake, na wa mwisho alikuwa Sekela, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Walipofika katikati, Ambakisye alikanyaga mahali alipopazoea, akakuta hapana chini. Akajaribu kushoto, akajaribu kulia. Wimbo ukamkatika. Waliokuwa na nguvu wakapambana kila mtu kivyake hadi ng'ambo. Sekela aliachwa mkono. Alizama, akaibuka, akazama tena, mpaka Nsajigwa, aliyekuwa akilima hapo ukingoni, alipomfikia na kumrudisha nchi kavu. Mtoto alitapika maji, kisha akalia.

Watu walimsifu Ambakisye kwamba, pamoja na mto kuwa mbaya siku hiyo, kumi katika kumi na mmoja walifika. Naye alizipokea sifa hizo.

Sekela hakuvuka tena. Mtoto alipougua, alimkabidhi mama mkwe ampeleke zahanati. Mwaka ulipoisha hivyo, Tupokigwe alishindwa kunyamaza, akaenda kumwuliza sababu.

"Mimi si mtu wa maji, mama," alisema Sekela kwa utulivu, kama anayetaja ukoo wake. "Mbona wenzangu wote walifika?"

Tupokigwe aliyachukua maneno hayo kama yalivyo, akampelekea Ambakisye. Kesho yake Ambakisye alikwenda nyumbani kwa Sekela, akaketi alipoonyeshwa, akasema mbele ya mumewe: "Kosa halikuwa lako. Mto ulikuwa umehama, nami sikwenda kuutazama." Sekela alimshukuru kwa kuja, akampa chakula. Lakini majini hakuingia, hata uzeeni. Maneno yale yalikuwa ya kweli, ila yalimkuta ameshajihukumu.

Tangu hapo Ambakisye naye alianza kuingia majini mapema, peke yake, kabla ya watu. Wapo walionung'unika kwamba siku hizi amekuwa mtu wa kimya. Aliwaacha wanung'unike, akaendelea kupapasa mchanga.

Walimu wenzangu, kesho asubuhi kila mmoja wetu ataingia darasani na somo ambalo amelifundisha mara nyingi, mbele ya watoto ambao hajawahi kuwafundisha wakiwa kama watakavyokuwa kesho. Katika wale wanaosema hesabu si zao, au kusoma si kwao, ni wangapi tuliowaachia mkono sisi wenyewe, siku tuliyoingia bila kujiandaa?