Shanga za Pimbi na Gongo Tupu la Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Chungu kikawa?"

"Kikachemka!"

"Ninyi wa huko nyuma, mbona sauti zimekufa? Hamkula? Chungu kikawa?"

"Kikachemka!"

Haya. Hapo kale alikuwepo Pimbi, mdogo, mnene, hana mkia, akiishi na watoto wake kwenye pango la mawe. Kazi yake ilikuwa kupika shanga. Ndiyo, kupika, usinikatize. Alikinga utomvu wa mti, tone, tone, tone, akautia chunguni pamoja na gongo, ile pombe kali, na maji, akaongeza ute wa bamia. Akakoroga, koro-koro-koro, huku akiimba:

"Ingia, ingia, kaa kidogo, toka!"

Utomvu mbichi uliyeyuka ndani ya gongo, usiuone tena. Ukipata moto mdogo ulianza kukomaa, na ukishakomaa, yale maji yaliyomo yaliukataa. Hapo ukajitenga punje punje, zote saizi moja kama mtama. Ute wa bamia ulizipaka utelezi zisigandane. Pimbi akazitoboa kwa mwiba zikiwa bado laini.

Sasa, Bi Tembo alikuwa na binti anayetoka unyagoni, na mwali hatoki bila shanga kiunoni. Na kiuno chenyewe, jamani, ni cha tembo! Bi Tembo akatangaza: "Atakayeleta shanga za kumtosha mwanangu, milima yote ya mawe ni yake."

Fisi akasikia. Fisi alikuwa mkubwa wa kijiji, mwenye tumbo na hotuba. Akaja pangoni, ndi! ndi! ndi!

"Pimbi! Lete chungu chako. Nikiipata milima, wewe unahama. Watoto waache hapa, nitawalea mimi." Akawatazama watoto, akalamba midomo.

Pimbi aliogopa, akawasukuma watoto nyuma yake. Lakini akainama, akasema, "Chukua, mkuu."

"Na unapikaje?"

"Utomvu, gongo, maji, na ute wa bamia."

"Maji? Utomvu unapatana na maji?"

"Haupatani kabisa, mkuu."

"Basi kwa nini unawaweka pamoja? Unachochea fujo chunguni?"

Pimbi akamtazama kidogo, akaona pa kupitia.

"Ni umaskini tu, mkuu. Maji ni ya kuongezea, ya sisi tusio na uwezo. Mkubwa kama wewe angetia gongo tupu."

"Na bamia?"

"Mboga ya wagonjwa hiyo, mkuu."

"Nilijua!" akasema Fisi, ambaye hakujua.

Akaondoka na chungu. Akatia utomvu, akatia gongo tupu, akabandika motoni, akawahutubia wapambe wake: "Ndani ya chungu hiki hakuna ubishi! Wote wamekubaliana!" Wapambe wakapiga makofi, pa-pa-pa. Fisi akakoroga, koro-koro-koro. Akachungulia: hakuna shanga. Akakoroga, koro-koro. Akachungulia: uji. Akakoroga, ko...ro...ko...ro. Akachungulia: uji mzito. Utomvu ulikuwa umestarehe ndani ya gongo lake, hauna sababu ya kutoka.

"Mnauona umoja huo?" akauliza Fisi.

"Tunauona!" wakaitikia wapambe, ambao hawakuona kitu.

Siku ikafika, ngoma ikaanza kulia. Fisi akapagawa. Akachota ndoo ya maji, akamwaga yote kwa mpigo, bwaa! Utomvu uliokwisha komaa ukashtuka, na bamia hakuna, ukakimbiliana, ukagandana bonge moja. Fisi akatumbukiza mkono atafute shanga. Nata! Mkono haukutoka.

Kumbe Pimbi na watoto wake walikuwa wamepika kwenye vyungu vyao chakavu, vile vilivyomeguka midomo. Wakafika unyagoni na vikapu, wakamwaga shanga, cha-cha-cha-cha! Fisi naye akafika, akichechemea, anakokota chungu.

"Bi Tembo," akasema, "wenzangu wamekuletea shanga nyingi zilizotengana. Mimi nimekuletea moja, yenye mshikamano!"

Bi Tembo akazungusha shanga za Pimbi kiunoni mwa binti, zikatosha, zikabaki. Kisha akalitazama bonge.

"Hii mwanangu ataivaaje, baba, na wewe umo ndani yake?"

Watu wakacheka mpaka ngoma ikasimama. Pimbi akapewa milima. Akawakumbatia watoto wake, akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Basi funzo lake, sikilizeni vizuri: kubalianeni na wakubwa kwa kila jambo, msitie maji hata tone.

"Lakini bibi, si Fisi alishindwa?"

Alishindwa nini? Alichaguliwa tena. Lile bonge limewekwa uwanjani, linaitwa Mnara wa Umoja, na kila mwaka wapambe wanalivika maua.

"Na mkono wake?"

Bado umo ndani. Ndiyo maana hotuba zote anazitolea palepale.

Nilipoikuta ndipo ninapoiacha. Aliyelala abebwe.