Lenzi ya Plastiki na Teksi ya Mzee Honi

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa, lakini ni wako, na ndio uliokulaza miaka yote. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, nani anakataa? Ila uko begani mwa mwenyewe, na utakwenda aendako mwenyewe. Wengi huitamka methali hii wakalimeza neno la mwisho, na mwiba uko hapo hapo.

Palikuwa na mwanamke mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja, nyuma ya duka la vipuri. Kazi yake kubwa ilikuwa picha za vitambulisho. Kamera yake ilikuwa na lenzi moja tu, ya plastiki, nyepesi kama ganda la yai. Haikuvuta mbali wala karibu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, ukifuate kwa miguu yako. Lenzi hiyo alinunuliwa na baba yake, dereva wa teksi ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Honi.

"Hii itakufaa," mzee alimwambia akicheka. "Itakutembeza. Mtoto wa dereva hakai."

Mzee Honi alikuwa amefariki miaka kumi na tisa nyuma. Teksi yake ya kizamani, yenye taa za mviringo kama macho ya bundi, ilitupwa katika uwanja wa magari mabovu nje ya mji, majani yakaota hadi kwenye usukani. Siku moja mlinzi wa uwanja akapiga simu: kesho saa kumi jioni magari yote yangebebwa yakayeyushwe.

Mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemsaliti na hakutoka tena nje, aliposikia alimwita binti karibu.

"Mwanangu, niletee hata picha," akasema. "Nilione mara moja, halafu liende."

Asubuhi yake akapita studio mpiga picha wa harusi, mtu wa maneno mengi kama cherehani. Alipoelezwa safari hiyo akashika kichwa.

"Dada! Gari la mzee ulipige na hicho kifuniko cha chupa? Chukua hii yangu. Lakini nikiitwa kazini, naifuata."

Lenzi yake ilikuwa chuma na kioo tu, nzito kama mchi. Wakazijaribu zote mbili kwenye kitasa cha mlango. Ya plastiki ilikoroma kama mwenye mafua, ikijizungusha kabla ya kuona sawasawa, na pembeni picha ikawa na ukungu. Ya ghali haikutoa hata pumzi. Ilionyesha mikwaruzo ya ufunguo mmoja mmoja, na ukuta wa nyuma ukayeyuka kama siagi.

"Umeona? Hicho chako wawekee kuku maji."

Wakacheka. Mwanamke akaiweka lenzi ya baba yake juu ya rundo la picha za vitambulisho zisipeperushwe na feni, akaondoka bila kuiangalia mara mbili.

Kule uwanjani alilewa bila kunywa. Kutu ilichanua kama maua. Mjusi juu ya dashibodi alionekana hadi magamba. Alipiga gari hili, akapiga lile. Alipoifikia teksi aliipapasa boneti, papo hapo akawa msichana tena, akiikimbilia ikirudi jioni.

"Subiri, baba," alinong'ona. "Wewe nakuweka mwisho, jua likilainika."

Saa nane pikipiki ikaingia kwa kishindo.

"Dada, nisamehe. Harusi imewahishwa, na mimi sina jicho!"

"Sijalipiga la mzee!"

"Sasa tangu asubuhi ulikuwa unapiga mijusi? Haya, moja tu, fanya chapu."

Akapiga moja harakaharaka. Lenzi ikafunguliwa, ikatiwa mkobani, ikaenda na mwenyewe. Kisha akaitazama ile picha. Lenzi ile asiyoizoea ilikuwa imeushika unyasi uliosimama mbele. Unyasi ulionekana hadi vinyweleo, na teksi nyuma yake imeyeyuka kama siagi.

Alikimbia mjini kama aliyeungua. Aliporudi na lenzi yake ya plastiki, saa kumi ilikuwa imeshapita na lori lilikuwa likitoka getini, teksi ya Mzee Honi juu kabisa, mgongo ukimwelekea. Lenzi ikaanza kukoroma. Aliujua mkoromo huo, na hakuusubiri uishe. Akaizungusha kwa vidole, akapiga wakati lori linakata kona.

Nyumbani, mama alizipita haraka zile picha safi za mijusi na kutu.

"Haya ni magari ya watu."

Akafika ya mwisho. Vumbi, ukungu pembeni, na teksi ikikata kona, imempa mtazamaji mgongo.

"Nisamehe, mama. Nilichelewa. Hata mbele hapaonekani."

Mama aliisogeza picha karibu na macho.

"Mbele nilipaona lini mimi? Kila alfajiri nilisimama mlangoni nikamwona baba yako kwa mgongo, hivi hivi, mpaka kona." Akagusa kona ile kwa kidole. "Hapa. Hapa ndipo alipokuwa akinipigia honi."

Wakatega sikio wote wawili. Kisha binti akaichukua lenzi ya plastiki, akaifuta vumbi taratibu kwa pindo la gauni lake. Usiache mbachao kwa msala upitao.