Mguu wa Kulia wa Kanali Mbaruku

Nchi moja ilichoka kuazima ndege za kuwafundishia marubani wake wa jeshi, ikaamua kuunda yake. Ikapatikana ndege ya majaribio: viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, na injini ya turbini inayozungusha pangaboi kubwa puani.

Aliyeijaribu ni Kanali Mbaruku, rubani asiye na mpinzani. Ilipaa imenyooka kama uzi.

"Hii hata mtoto wa chekechea ataipaisha," akasema. Ikapitishwa.

Wakaletwa wanafunzi. Kanali akiwa kiti cha nyuma, walipaa vizuri. Ikafika siku ya kupaa peke yao. Wa kwanza alipoongeza kasi, ndege ilimvuta kushoto hadi majanini. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, Shomvi, alitoka na meno mawili pungufu.

Jenerali akakata shauri. "Wakiwa na Kanali wanaweza, peke yao hawawezi. Huo ni woga. Kesho wafungashe virago."

Kapteni Nyamizi, aliyewafundisha darasani, damu ilimchemka. Woga gani huo unaowapeleka wote upande uleule?

"Afande," akasema, "kabla hawajafukuzwa, naomba Kanali apae, nami nikae nyuma."

"Umekuja kujifunza upya, Kapteni?" Kanali akamtania.

"Nimekuja kukaa tu, afande."

Katika ndege ile pedali za miguu, zinazogeuza pua kushoto au kulia, za mbele na za nyuma zimeungana. Zikikanyagwa huku, na kule zinashuka. Nyamizi akaegesha nyayo zake juu ya pedali, akatulia. Injini iliponguruma, pedali ya kulia ilizama, isiinuke mpaka wakawa hewani.

Walipotua akauliza, "Kanali, wakati wa kupaa mguu wako wa kulia huwa unafanya nini?"

"Unapumzika. Ufanye nini tena?"

"Basi turudie, safari hii uuweke sakafuni."

Kanali akacheka, akauweka sakafuni, akaongeza kasi. Ndege ikageuza pua kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Breki zilikuja kushika magurudumu yakiwa tayari nje ya njia.

Jenerali alipofika, alimkuta Kanali anakitazama kiatu chake.

"Afande, vijana wasiende popote," akasema taratibu. "Siku zote hizo nilikuwa nawanyooshea ndege mimi, na sikujua."

Angewafundishaje jambo asilojua kwamba analifanya?

Wahandisi wakaigeuza injini kidogo kuelekea kulia, ili mzunguko wa pangaboi usiivute tena ndege kushoto. Shomvi akapaa peke yake, akatua akicheka na lile pengo lake.

Funzo: Bingwa huiziba kasoro kwa mazoea, kisha huapa kwamba haipo. Kabla hujamwita anayeanza mwoga au mjinga, mwambie anayejua aondoe mguu kwanza.

Mpelekee mwalimu mmoja, na bosi mmoja.