Rili ya Kamati ya Kiarugu

Jicho hununua, mkono hulipa.

Mliyasikia jana kwa shangazi yenu, mkacheka, mkadhani ni maneno ya wachuuzi. Wala si ya sokoni. Ni ya mtoni, na aliyeyasema mara ya kwanza hakuwa na kicheko hata chembe. Basi kaeni, wekeni hizo simu chini, niwaambie yalikotoka. Na msikilize vizuri, maana habari hii ina kamati ndani yake, na penye kamati ukipiga chafya tu unakuta uamuzi umeshapitishwa.

Yalizaliwa Kiarugu, kule juu karibu na msitu, kwenye mto Rugithi wenye maji ya baridi ya kuuma mifupa. Mto huo una trauti, samaki wa madoadoa, mwoga kupita kiasi. Wageni hutoka mbali kuja kumvua kwa inzi wa manyoya, yaani ndoana ndogo iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu. Watu wa Kiarugu walikuwa na chama chao cha kuwaongoza wageni hao mtoni. Wanachama walikuwa kumi na wanne, wengi wao wa kubeba mizigo na kuonyesha njia, mwanamke mmoja tu, naye ni Nyaguthii.

Nyaguthii alifundishwa mto na babake tangu hajaota meno ya pili. Alijua trauti amelala chini ya jiwe gani, saa ngapi. Lakini wageni walikuwa leo wapo, kesho hawapo, na tumbo halina msimu. Akaenda Naivasha, akakata maua miaka miwili kwenye shamba la watu, mtoto akamwachia mama yake. Aliporudi, binti yake Wairimu, wa miaka mitatu, alijificha nyuma ya bibi yake akauliza, "Cucu, huyu mgeni ataondoka lini?"

Nyaguthii alikwenda nyuma ya nyumba akalia mpaka akachoka. Alipofuta machozi aliapa kwamba Naivasha harudi tena. Ilimchukua miezi minne kumzoeza mtoto, kwanza kwa uji, kisha kwa kumbeba, mpaka siku Wairimu alipomwita mama bila kuambiwa.

Sasa, mwenye kambi ya wageni pale mtoni, Madam Sabina, akatangaza kazi. Anataka mwongozaji mmoja wa kuajiriwa, mshahara kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Walioitwa kujaribiwa ni wawili: Nyaguthii wa Kiarugu, na Ngatia, kijana mpole wa bonde la pili. Kila mmoja angepewa saa mbili kwenye kidimbwi kimoja, siku ya Jumamosi. Samaki wangehesabiwa na kurudishwa majini. Mwenye wengi ndiye mwenye kazi.

Tatizo lilikuwa rili. Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa chini ya ufito wa kuvulia, mshipi unakunjwa ndani yake. Ya Nyaguthii aliirithi kwa babake, ilikuwa imefungwa waya mara tatu, na wiki ileile ikapasuka vipande viwili. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu mfukoni. Lakini mjini, kwa fundi mmoja, alikuwa ameona rili nyeusi iliyotumika, imekwaruzwa, ya bei ya mtu wa kawaida. Aliishika, mkono ukatulia. Akavuta mshipi kwa kidole kimoja, ukatoka bila ubishi.

Akaenda kwenye mkutano wa chama akasema, "Wazee wangu, ninunulieni ile tu. Ni ya kazi ya kila siku, inanitosha."

Watu wenye akili zao wangemtuma mtu wa bodaboda akaichukue, saa sita ingekuwa imefika. Watu wa Kiarugu wakaunda kamati! Kamati ya Ununuzi wa Rili, mwenyekiti Mzee Gachanja, katibu Mwalimu Kibuchi aliyestaafu, na wajumbe watatu ambao hawakuwahi kushika ufito tangu wazaliwe.

"Na mimi je?" akauliza Nyaguthii.

"Mwenye kunufaika haketi kwenye kamati," akasema Mwalimu Kibuchi. "Ndio utaratibu."

"Lakini Mwalimu, mkono utakaoishika ni wangu."

"Ndiyo maana hasa."

Kamati ikakaa vikao vitatu. Kikao cha kwanza walijadili nauli. Cha pili walisoma kumbukumbu za kile cha kwanza. Jamani! Jumamosi inakaribia, mtu hana rili, wao wanasahihisha kumbukumbu! Cha tatu wakakubaliana kwamba lazima wazunguke maduka matatu wapate bei tatu, wakavaa makoti, wakaenda mjini.

Waliporudi Alhamisi jioni waliita watu wote. Pakaombwa dua. Mzee Gachanja akafungua gazeti polepole, na ndani yake ikatoka rili ya rangi ya dhahabu, kubwa kama sahani ya chai. Watu wakapiga makofi.

"Ile yako nyeusi tuliiona," akasema Mzee Gachanja. "Mwanangu, ile imekwaruzwa utadhani kuku wameichakura. Madam akikuona nayo atasema Kiarugu hakuna watu. Na hii bei yake ni ileile! Hebu sikia uzito wake."

Nyaguthii akaipokea, mkono ukashuka. Ilikuwa rili ya samaki wakubwa wa baharini. Akavuta mshipi. Haukutoka.

"Ahaa, umeiona hiyo breki?" Mzee Gachanja alikuwa anacheka kwa furaha. "Mimi na Mwalimu tuliuvuta wote wawili pale dukani. Haukuja hata inchi moja!"

"Baba," akasema Nyaguthii, akijikaza sauti isipande, "mshipi wa trauti mwishoni ni mwembamba kama unywele. Samaki akikimbia lazima apewe mshipi. Breki hii itaukata."

"Umpe samaki mshipi ili aende nao wapi?"

Watu wakacheka. Nyaguthii akaizungusha skurubu ya breki. Ukiikaza, mshipi umekufa. Ukiilegeza kidogo tu, kigurudumu kinazunguka hovyo na mshipi unamwagika wote. Katikati hapakuwa na kitu.

"Nawaomba irudishwe kesho," akasema.

"Kurudisha kunahitaji mkutano mkuu," akasema Mwalimu Kibuchi, "na mkutano mkuu ni mwezi ujao. Risiti iko kwenye faili tayari."

"Mwezi ujao! Na Jumamosi nitavua kwa faili?"

Nyuso zikanuna. Mzee mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani. Nyaguthii akaiona hatari, kwani Madam Sabina alitaka pia barua ya chama, na barua hiyo ilikuwa bado haijapigwa sahihi. Akasema asante.

Jumamosi Ngatia alianza. Alivua kwa rili kuukuu ya plastiki ambayo wewe usingeiokota njiani, akatoa trauti wawili, akanawa mikono. Kisha akaingia Nyaguthii. Kamati nzima ilikuwa ukingoni na makoti yake, imeketi kwenye viti vya kambi.

Hakukaa robo saa, trauti mkubwa akachukua inzi, akageuka na kukimbia. Rili ikakataa. Ufito ukapinda, mshipi ukasema pwa! Samaki akaenda zake na inzi mdomoni.

"Kaza breki!" akapiga kelele Mzee Gachanja.

Nyaguthii hakugeuka. Akalegeza. Wa pili akashika, kigurudumu kikazunguka kama kichaa, mshipi ukamwagika ukajifunga mafundo, na alipomaliza kufungua fundo la kwanza samaki hayupo. Saa nzima ikapita hivyo, huku kifundo cha mkono kikiwaka moto kwa ule uzito. Akatazama saa ya Madam Sabina. Zilibaki dakika arobaini.

Akapanda ukingoni. Akaifungua ile rili kutoka kwenye ufito, akaiweka juu ya magoti ya Mzee Gachanja. Akaazima kikapu cha kiondo kwa mpishi wa kambi, akakifunga kiunoni, akakunjia mshipi ndani yake, akarudi majini. Hana rili. Mshipi unapita katika kiganja kitupu.

Wa tatu alikuwa mkubwa kuliko wote. Alipokimbia, Nyaguthii alimpa mshipi kwa vidole, akambana kidogo, akampa tena, na kila alipompa mshipi ulipita kiganjani ukikata. Maji yaliyomzunguka yakageuka mekundu. Hakuachia. Alimleta mpaka miguuni, akamshika, Madam Sabina akasema, "Mmoja!" Akamrudisha majini.

Alijaribu tena kwa mkono uleule. Vidole vilikataa kukunjika. Muda ukaisha.

Wawili kwa mmoja. Madam Sabina alimwambia kwamba hajawahi kuona uvuvi kama ule maishani mwake, na alikuwa anasema kweli. Kisha akaenda kumpa Ngatia mkono, kwa sababu kuhesabu ni kuhesabu.

Mzee Gachanja akaja na rili yake kwapani, mkono ameunyoosha. "Pole sana, mwanangu. Ni bahati tu. Hata hivyo rili ilipendeza, Madam mwenyewe ameisifu."

Nyaguthii akautazama ule mkono wa mzee, laini, msafi. Akafungua kiganja chake. Kilikuwa kimepasuka kutoka kidole gumba mpaka kifundoni.

"Siwezi kukupa mkono, Baba," akasema. "Jicho lenu lilinunua. Mkono wangu ndio umelipa."

Mzee akafungua mdomo. Mwalimu Kibuchi akamvuta koti.

Jumatatu asubuhi Nyaguthii alisimama kituoni na begi lake, kiganja kimefungwa kitambaa, anasubiri gari la Naivasha. Mzee Gachanja alikuja kumuaga, peke yake, bila kamati. Alimkuta Wairimu ameushika ule mkono wa kitambaa kwa mikono yote miwili, analia, "Mama, usiende." Gari likapiga honi. Bibi yake akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja, na kila kidole alichokibandua Nyaguthii aliuma meno kwa kidonda, na mtoto akakirudisha palepale. Mzee Gachanja akaweka fimbo yake chini, akasaidia. Alihesabu vidole vyote kumi.

Mkutano mkuu wa mwezi uliofuata, Mwalimu Kibuchi alisimama na faili kusoma taarifa ya ununuzi wa rili. Mzee Gachanja akamwambia akae chini. Akasema hakuna haja ya taarifa ndefu, iandikwe mstari mmoja tu, kisha akausema mwenyewe:

"Jicho hununua, mkono hulipa."