Wimbo wa Bibi Kidawa na Flashi ya Mwoga

Hapo zamani, zamani ya watu wa kompyuta, maana yake mwezi uliopita, palikuwa na ofisi juu ya duka la fundi cherehani mjini Pangani. Ndani yake tulikaa mafundi watatu wa programu: mvivu, mkaidi na mwoga. Mvivu ni Kibwana. Mkaidi ni Mwanahawa. Mwoga ndiye huyu anayewasimulia, Hoza, na kwa kuwa nami ni mdai katika kesi hii, nisikilizeni kwa sikio moja tu.

Kazi yetu ilikuwa kukusanya nyimbo za kubembeleza watoto, na mwenye nyimbo alikuwa Bibi Kidawa. Rasimu za kwanza aliandika Kibwana, akakosea karibu kila mstari. Bibi alipoziona akasema, "Toka hapo, nipe kiti." Tukamfundisha kuchapa. Ikawa anakuja na miwani yake, anakaa kwenye mashine kubwa, anarekebisha mwenyewe. Mashine ile ilitunza kila toleo, la zamani na jipya, na kila ukitunza ilikutaka ueleze umebadilisha nini. Sisi wasomi tuliandika "marekebisho", kisha "marekebisho mapya", kisha "marekebisho ya mwisho kabisa 2". Bibi aliandika, "Kibwana kakosea tena." Mpaka leo hayo ndiyo maelezo pekee yanayoeleweka katika kazi yetu yote.

Basi Bibi Kidawa akafariki. Baada ya matanga, binti yake Tumu akapanda ngazi zetu taratibu, mimba yake imeshakuwa kubwa. Akasema, "Kaka zangu, dada yangu, nataka wimbo aliokuwa akiniimbia mama. Sauti yake ninayo kichwani, maneno sina. Mtoto akija nitamwimbia nini?"

Tukamjibu kwa mbwembwe, "Ondoa shaka, dada. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Njoo Jumatatu."

Jumapili umeme ukakatika. Ukarudi kwa kishindo, mashine kubwa ikaungua. Jumatatu Tumu alitukuta tumeizunguka, ofisi nzima inanuka moshi. Alipoelewa, alikaa chini akalia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kuweka macho.

Hapo mwoga nikakumbuka flashi. Mimi naogopa umeme, naogopa mvua, naogopa hata mlio wa feni. Kila Ijumaa nilikuwa nafungasha kazi kwenye flashi naiweka mfukoni. Nikaitoa kwa madaha kama bwana harusi anayetoa pete. Loo! Flashi ilikuwa ndogo, nami bahili wa nafasi, kwa hiyo sikuwahi kufungasha kila kitu. Nilifungasha mabadiliko tu. Kifurushi changu kilisema: chukua rasimu ya kwanza, toa neno hili, tia lile. Rasimu ya kwanza yenyewe haikuwemo.

Mwanahawa akaninyang'anya flashi. "Kuna amri inaitwa index-pack," akasema. "Inapitia kifurushi kitu kimoja kimoja, halafu inaandika faharasa ya kuonyesha kipi kiko wapi. Bila faharasa hili ni gunia lililoshonwa mdomo." Akaiandika kwenye kidirisha cheusi cha amri, kwenye laptopu ya kuazima. Amri ikakataa, ikasema vilivyomo havina msingi. Akaiandika tena. Ikakataa tena. Nikamwambia, "Mwanahawa, inatosha." Akanijibu, "Kwani inakuchapa wewe?"

Ndipo Kibwana akajikuna kichwa. "Jamani, ile laptopu yangu ya nyumbani, wanangu wanayoangalizia katuni..." Tangu siku ya kwanza tulimwambia kila wiki: Kibwana, vuta mapya kutoka mashine kubwa. Kila wiki akajibu: nitavuta kesho. Hakuvuta hata mara moja. Kwa hiyo rasimu za kwanza, zile mbovu, zile za kuchekwa, zote alikuwa nazo.

Akaileta mbio, watoto wanalia nyuma yake. Mwanahawa akaingiza kifurushi changu humo humo ndani ya uvivu wa Kibwana, akaiambia amri ijazie kilichopungua. Safari hii ikatulia, ikahesabu mpaka mwisho, ikaandika faharasa. Rasimu ya Kibwana ilisema:

"Nyamaza mwana wa watu, bibi yako yu jikoni."

Toleo la mwisho, alilochapa Bibi wiki chache kabla ya kufa, lilisema:

"Nyamaza mwana wa Tumu, bibi yako yu njiani."

Tumu akausoma mstari ule kwa sauti, akashindwa kuumaliza. Kumbe Bibi alikuwa amemwandikia mjukuu wake, na sisi hatukujua, maana hatusomi tunachotunza. Tumu akajifuta machozi, akasema, "Mungu akinijalia salama, mwanangu nitampa jina la aliyeuokoa wimbo huu."

Amejifungua. Mtoto wa kiume, mzima kabisa. Na kelele zimeanza.

Kibwana anasema, "Mtoto ni Kibwana. Bila rasimu yangu, mabadiliko yangebadilisha nini?" Tunamjibu: ungevuta mapya kama ulivyoambiwa, wimbo mzima ungekuwa kwako, tusingehangaika.

Mimi nasema, "Mtoto ni Hoza. Mwana wa Tumu alikuwa kwenye mfuko wangu wa suruali, si kwingine." Wananijibu: ungenunua flashi ya maana, tusingekuhitaji wewe wala Kibwana.

Mwanahawa anasema, "Mtoto ni Makame, jina la baba yangu, maana langu la kike. Nyinyi mlikuwa na vipande viwili visivyojuana. Nani aliviunganisha?" Tunamjibu: ni nani aliyekataa tusinunue kifaa cha kuikinga mashine na umeme, akasema mashine hii haifi? Ananuna. Halafu anatukumbusha kwamba yeye ndiye aliyeendelea kuandika amri wakati sisi tumeshakata tamaa, nasi tunanuna.

Na msiniambie aitwe Kidawa, nimeshasema ni wa kiume. Msiniambie pia tumchagulie jina jipya sisi watatu. Tutamwita "Mtoto wa mwisho kabisa 2", na mama yake atatufukuza.

Kesho ni siku yake ya saba, siku ya kupewa jina. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa "mwana wa Tumu", basi. Jana nilimsikia mama yake akimbembeleza, akafika pale kwa bibi aliye njiani, akakwama, akaanza upya tangu mwanzo. Mtoto akanyamaza, anamtazama tu, anangoja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza kwa sikio moja: yuko mvivu aliyehifadhi makosa, yuko mwoga aliyehifadhi masahihisho, yuko mkaidi aliyeyakutanisha. Kesho asubuhi Tumu akiuliza, mtoto huyu aitwe jina la nani?